Njia ya Katikati ya Jumba

Ndugu zangu, wageni wetu wanapokuja Ladywood kwa harusi huuliza lile jumba kubwa la vioo ni la nani. Hilo ndilo International Convention Centre, lililofunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Juni 1991. Hapo zamani palikuwa na Bingley Hall, ukumbi wa maonyesho wa mwaka 1850, ulioungua 1984.

Ndani yake mna Symphony Hall, ukumbi wa muziki wenye viti zaidi ya 2,200. Umekalishwa juu ya mipira, maana karibu yake garimoshi hupita chini ya ardhi, na mngurumo ungeingilia fidla. Hapo mafundi walitumia akili!

Lakini mimi nalipendea ile njia. Wasanifu waliipitisha katikati ya jengo, kutoka uwanja wa Centenary hadi mferejini, apite yeyote bila tiketi. Hata hivyo nimewaona wazee wetu wakilizunguka kwa nje, mvua yawanyeshea, kwa kudhani humo ni mwa wakubwa. (Jumba la mikutano la Arusha, la tangu 1978, hao hao hulisifu kama la baba yao.)

Wako waliolalamika kwamba halmashauri ya jiji ilimwaga fedha hapo huku shule na nyumba zikingoja. Mimi niliyeshika chaki siwezi kuwabishia. Lakini kodi zetu nazo zimo mle. Basi Jumamosi piteni ndani na wajukuu. Mkitokea upande wa pili mtaziona mashua.