Figo Mbili, Kazi Si Sawa

Leo naweka kando habari za vitambaa na mishono, nizungumze habari za figo.

Mdogo wangu alipata jiwe lililoziba njia ya mkojo upande wa kushoto. Lilipogunduliwa, figo ilikuwa imeshavimba. Swali likawa moja: itolewe au izibuliwe? Kipimo cha damu cha kreatinini kilitoka kizuri, nyumbani tukaanza kushangilia. Daktari akatuambia tusubiri. Damu inaonesha kazi ya figo zote mbili kwa pamoja, na figo nzima inaweza kumbeba mwenzake kimya kimya.

Ndipo akaandikiwa MRI yenye dawa ya gadoliniamu. Dawa huchomwa kwenye mshipa, na figo ndizo zinazoichuja. Mashine hupiga picha mfululizo: dawa inaingia na damu, ukingo wa figo unang'aa, kisha inashuka ndani na kutoka na mkojo. Kwa kufuatilia mwendo huo, wataalamu hukadiria kila figo inafanya fungu gani la kazi. Na MRI haitumii mionzi ya eksirei.

Shoga zangu, mkiandikiwa kipimo hiki, shikeni mambo matatu. Kwanza, ulizeni kipimo cha damu cha figo. Kwa wenye figo dhaifu sana, baadhi ya dawa hizi za zamani zimehusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo, kwa hiyo daktari lazima ajue mapema. Pili, semeni kama mna mimba. Tatu, vueni chuma chote. Mimi fundi nilimkagua mdogo wangu kama ninavyokagua gauni la bibi harusi, nikakuta pini mbili zimejificha kwenye mtandio! Sumaku ile haina mchezo.

Majibu yalionesha figo ya kushoto bado inafanya karibu theluthi ya kazi yote. Daktari akasema hiyo si ya kutupa. Wakaizibua, jiwe likatolewa. Alhamdulillah, figo yake anayo, na kliniki anakwenda.

Wanawake tunasema "mimi mzima" maadamu tunaweza kusimama jikoni. Maumivu ya ubavu yasiyokwisha msiyafunike kwa vidonge kila siku, maana baadhi ya vidonge hivyo navyo huumiza figo. Mwili ni amana. Nendeni mkapime.