Kombe Letu la Ulemo

Mwenzangu, miaka kumi iliyopita ungeniambia kwamba nitakuja kununiana na mume wangu wiki tatu nzima kwa sababu ya kombe, ningecheka mpaka mbavu ziume. Na wala sizungumzii lile Kombe la Dunia linalotunyang'anya waume zetu kila baada ya miaka minne. Nazungumzia kombe wa baharini, yule kiumbe wa maganda mawili anayekaa kwenye miamba ya matumbawe.

Kituko zaidi, kombe mwenyewe anaishi Ulemo.

Kwa ambao hamjafika, Ulemo iko wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Ni nchi ya alizeti, kuku wa kienyeji na upepo. Kutoka hapo mpaka baharini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Ukimwambia mtu wa pale kwamba sebuleni kwenu kuna kipande cha bahari, anakuangalia mara mbili kisha anaomba aje kuona.

Tulikoanzia

Mimi na mwenzangu tulifunga ndoa mwaka 2017, tukaenda fungate Mafia. Kule kuna hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Tulivaa miwani ya kuogelea, tukainamisha nyuso majini, na hapo ndipo nilipomwona kombe mkubwa kwa mara ya kwanza. Ganda lake lilikuwa na mawimbi, na katikati nyama ya bluu na kahawia imetandazwa kama kanga mpya. Kivuli changu kilipompitia, akajifunga. Kumbe pembeni mwa ile nyama ana vijicho vidogo mamia, vya kutambua mwanga na kivuli.

Mume wangu alitoka majini akiwa ameshapagawa. Tuliporudi Dar akaanzisha tangi la maji ya bahari, lita 400, na nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa ya vyumba kimoja na nusu.

Mwaka 2021 baba mkwe alifariki. Mume wangu ndiye mtoto mkubwa, na mashine ya kukamua alizeti ilikuwa inamsubiri. Akahamia Ulemo na tangi lake. Mimi nikabaki Dar na kazi yangu ya uhariri. Tukakubaliana nitakuwa naenda kila mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi mpango ulionekana mzuri sana.

Mwaka uliofuata nikamfanyia sapraizi, nikamnunulia kombe. Hakuwa wa kuokotwa Mafia, la hasha. Kombe wakubwa wote wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yao ya nchi na nchi inahitaji kibali. Wangu alikuwa wa kufugwa, kwa sababu visiwa vya Pasifiki kama Palau wanawazalisha kwa ajili ya matangi ya watu. Alikuwa na urefu wa sentimita 5, bluu ya kukata na shoka. Nilisafiri naye ndani ya basi nimempakata kama kichanga.

Alikufa baada ya miezi minne.

Kosa langu

Acha niseme ukweli ambao wakati ule sikuusema. Kombe huyu anaishi kwa mwanga. Ndani ya ile nyama yake ya rangi kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaopika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Aina tuliyonunua, anayeitwa maxima, anataka mwanga mkali kuliko ndugu zake wengi. Basi kila nilipofika Ulemo nilimkuta chini mchangani, namhamishia juu ya jiwe. Nikiondoka, mume wangu anaona ataungua, anamrudisha chini. Kombe hujishikiza mwambani kwa nyuzi zinazotoka kwenye mguu wake. Ukimbandua kwa nguvu unamchana. Sisi tulimbandua mara ngapi? Sitaki hata kuhesabu.

La pili ndilo lililoniuma zaidi. Kombe anajenga ganda kila siku, na malighafi anaitoa kwenye maji: kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa, pamoja na alkali. Anapokua, vitu hivyo vinapungua. Mume wangu na pilika za msiba na mashine alikuwa hapimi. Mimi nikifika mwisho wa mwezi napima, naona viko chini, namimina dawa yote siku moja. Najisifu: nimetengeneza. Kumbe nimemtoa mtu kwenye njaa nikamtupa kwenye shibe ya kupasua tumbo. Kombe anaweza kuvumilia kiwango kisicho kizuri sana kuliko kiwango kinachopanda na kushuka.

Alipokufa maji yakachafuka usiku mmoja, na samaki wawili wakamfuata. Mume wangu akasema, "Wewe ukija unakuja kama mkaguzi." Mimi nikamjibu, "Na wewe ukiachiwa kitu unakiacha kife." Nikapanda basi la alfajiri. Hapo ndipo wiki tatu zikaanza. Salamu zenyewe zilikuwa za meseji, "Umeamkaje," "Salama," basi.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe. Alinipigia kunijulia hali, nikamweleza habari ya kombe, habari ya ndoa nikaificha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkwe wangu, hata mpapai ukiumwagia ndoo kumi Jumamosi, hauweki akiba ya wiki."

Nilikaa kimya na simu sikioni. Maana mimi hivyo ndivyo nilivyokuwa naishi na mwanawe. Mwezi mzima nipo nipo tu, kisha nafika na mabegi ya zawadi, mapishi, mapenzi na lawama, vyote vya siku tatu.

Usiku wa Julai

Mwaka 2023 tulijaribu tena. Safari hii tulichagua squamosa, mwenye magamba yanayochomoza kwenye ganda kama vigae. Ni mvumilivu zaidi, hadai mwanga mkali kama yule wa kwanza, na anakubali kukaa chini. Alifika na sentimita 7. Tukamweka mahali pamoja, tukaapa hakuna wa kumgusa.

Tukaweka na utaratibu. Kila Jumapili saa mbili usiku mume wangu anapima, ananipigia, naandika kwenye daftari. Alkali nane na nusu. Kalsiamu 420. Joto 25. Dawa ya chokaa inaingia kidogo kidogo kila siku. Mwanzoni tulikuwa tunasomeana namba tu kama watu wa benki. Baadaye, baada ya namba, ananiambia mashine imevunja mkanda. Mimi namwambia bosi kaniudhi. Simu ya dakika tano ikawa ya saa nzima.

Kisha ikaja Julai. Usiku wa Julai kule Iramba ni baridi ya kuvaa sweta ndani ya blanketi. Saa nane usiku simu ikaita. Umeme umekatika tangu jioni, betri ya pampu imeisha, maji yameshuka mpaka nyuzi 21. Alikuwa ameweka chupa za maji ya moto zinaelea kwenye tangi, huku anachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili hewa iingie. Aliniweka kwenye spika. Nilisikia maji yakimwagika, tena, na tena.

Katikati ya kumwaga akaacha. Akasema, "Baba hakunifundisha hii mashine. Kila siku najifanya najua." Nikamsikia analia. Mwaka wa pili tangu msiba, na mimi mkewe ndiyo kwanza namsikia.

Umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri. Kombe alikuwa amejifunga. Saa tano asubuhi alifungua nusu, na kesho yake akatandaza kanga yake yote.

Ukitaka kujaribu na wewe

Najua kuna wasomaji wataniuliza, basi haya ndiyo tuliyojifunza kwa machozi.

Anza na tangi lenye umri wa angalau miezi sita, lililotulia. Usinunue kombe mdogo sana, chini ya sentimita 5 ni kujitafutia presha. Jua pia kwamba squamosa anaweza kufika sentimita 40, kwa hiyo mpangie nafasi mapema. Mwanga mkali, ndiyo, lakini umzoeshe taratibu kwa wiki kadhaa. Joto nyuzi 24 hadi 27, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, alkali kati ya 8 na 9, kalsiamu 400 hadi 450. Dawa yoyote yenye shaba usiisogeze kwenye tangi hilo, itamuua.

Maji ya kisima usiyaamini. Kwetu Singida visima vingi vina floridi nyingi, kwa hiyo tunatumia mashine ya kuchuja, na yale maji yanayobaki mama mkwe anamwagilia mchicha. Na majirani wanaouliza kwa nini tununue chumvi ya dukani wakati ziwa la Singidani lina chumvi bure, jibu ni kwamba mchanganyiko wa madini yake si wa bahari. Flamingo wanalipenda, kombe hatalipenda.

Ukitaka kujua kama anakua, angalia ukingo wa ganda. Ukiona mstari mpya mweupe, jipongeze. Ukiona nyama imesinyaa, au lile tundu la kuvutia maji limeachama siku nzima, pima maji kabla hujamlaumu mwenzio.

Wetu juzi nimempima, sentimita 14. Sijahamia Ulemo kabisa, na sitawadanganya kwamba kila kitu kimeisha. Ila nimeomba ofisini nihariri nikiwa kule wiki mbili kila mwezi, wamekubali. Makala hii naiandikia sebuleni, huku upepo unapiga bati na kombe ametandaza kanga yake.

Wiki nyingine mbili nipo Dar. Jumapili saa mbili usiku usinipigie, laini itakuwa bize.