Shilingi ya Dani

Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na shilingi moja ya zamani aliyoifunga katika pindo la leso, na hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuichezea. Kila mgeni aliyefika bomani kwetu Kosele alisimuliwa jinsi babu alivyomkabidhi shilingi hiyo mwaka wa 1943, siku aliyoondoka kwenda vita vya Burma.

Likizo ya Agosti mwaka wa 1987 nilimwomba niitazame. Nilikuwa kidato cha pili, na mwalimu wetu wa historia, mpenzi wa sarafu, alikuwa ametufundisha kuzisoma. Simba alikuwa bado amesimama mbele ya milima yake, lakini tarakimu ya mwisho ya mwaka ilikuwa imelika kabisa. Ilisomeka 194, basi. Ikabaki alama ya kiwanda.

Maana shilingi za Afrika Mashariki zilifuliwa ng'ambo. H ni alama ya Heaton wa Birmingham, I ni ya Bombay, na SA ni ya Pretoria, ambako shilingi zetu zilianza kufuliwa mwaka wa 1944. (Wajomba waliapa kwamba ni fedha tupu. Kumbe fedha ilikuwa robo tu!)

Binamu yangu alitaka tuisugue kwa majivu. Nilikataa, kwani kilichobakia kingeisha. Usiku niliwasha koroboi, nikaishika sarafu ubavuni mwa mwali na kuigeuza taratibu, ili mwanga wa pembeni utie kivuli penye kimwinuko chochote. I ingekuwa mstari mmoja. H ingekuwa nguzo mbili. Nilichoona ni vijivimbe viwili, cha kwanza kimepinda, cha pili chembamba juu na kipana chini. Nikaweka karatasi juu yake na kupitisha penseli polepole. SA.

Jasho lilinitoka. Sarafu hiyo haingeweza kutolewa mwaka wa 1943. Babu alikuwa marehemu, na mimi ni nani wa kumwambia dani kwamba hadithi yake si kweli? Nilinyamaza siku mbili. Ya tatu, tukipukuchua mahindi, nikamwambia.

Hakukasirika, wala mikono yake haikusimama.

"Ile ya babu yako ililiwa na njaa ya mwaka ule ule," alisema. "Nilimnunulia baba yako mtama. Hii niliipata baadaye kwa kuuza karanga sokoni, nikaifunga mahali pa ile. Nilitaka akirudi aikute."

"Aliikuta, dani?"

"Alirudi mwaka wa 1946. Aliiomba, nikampa. Wakati huo ilikuwa bado inang'aa, namba zake zote zikionekana. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia, akaniambia niitunze."

Akatupa gunzi kando, akachukua hindi jingine.

"Na babu yako alijua kusoma."