Kutoka Lushoto Kwenda Kupima Homoni

Basi la alfajiri linapoanza kuteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, waliozoea hulala, na mgeni wa njia hushika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mimi nilikishika mpaka tulipoyapita maporomoko ya Soni. Nilikuwa sijawahi kufika Dar es Salaam. Wenzangu huenda kwa harusi, kwa msiba au kwa biashara ya mboga. Mimi nilikuwa naenda kutolewa damu.

Kwenye pochi nilikuwa na karatasi ya zahanati iliyoandikwa "mvurugiko wa homoni", basi. Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia dukani kwa muuza dawa, kwa majirani, na sokoni kwa mama wa mitishamba, kila mmoja na dawa yake ya kusafisha kizazi. Siku zangu zilikuwa zimepotea kwa miezi. Nachoka kabla sijagusa jembe, nywele zinabaki kwenye kitana, nasikia baridi hata jua likiwaka. Tena nikibinya titi maziwa yanatoka, na mwanangu wa mwisho yuko darasa la nne! Hilo la maziwa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Korogwe tukala, Chalinze joto likaanza kutukaribisha, na jua lilikuwa limeshapinda tulipoingia stendi ya Magufuli, Mbezi. Shangazi alinipokea kwa kunikumbatia, kisha akarudi nyuma hatua moja. "Mwanangu, mbona uso umevimba hivi?" Nyumbani hawakuliona, walikuwa wananitazama kila siku.

Kesho yake tukapanda mwendokasi kwenda kliniki. Nilitegemea sindano. Nilichokutana nacho ni maswali. Daktari, mama wa makamo, aliweka kalamu chini akasema, "Mama, tuongee kwanza." Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Uliwahi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango? (Ile ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha hedhi kwa miezi mingi hata baada ya kuiacha.) Ulitokwa na damu nyingi ulipojifungua? Kichwa kinauma, unaona vizuri pembeni? Kuna dawa yoyote unayotumia, hata ya kuzuia kutapika? Baadhi ya dawa hizo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hupandisha prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Halafu akasimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akaniambia nimeze mate. Nikameza. Akaniambia nimeze tena.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mkojo, cha mimba. Nilicheka. Yeye hakucheka: mwanamke aliyekosa hedhi hupimwa mimba kwanza, hata akiapa.

Shangazi akatoa simu, akamwonyesha tangazo la kifurushi cha "homoni zote" kwa bei ya kutisha. Daktari akatikisa kichwa. Homoni nyingine namba yake haina maana bila tarehe, alisema. Kwa mwenye hedhi, FSH na LH, homoni zinazoamsha mayai, hupimwa kati ya siku ya pili na ya tano tangu damu ianze. Projesteroni, inayoonyesha kama yai limepevuka, hupimwa wiki moja kabla ya hedhi inayofuata. Watu wameikariri "siku ya 21", lakini hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28; mwenye siku 35 yake ni ya 28. Nikawaza ni wanawake wangapi wameambiwa hawapevushi mayai kwa sababu tu walipimwa siku isiyo yao. Kupima kwa kina, nilivyoelewa mimi, hakuko kwenye wingi wa chupa za damu.

Maabara ilikuwa ghorofani. Kijana wa pale akaniamkia, akaniuliza kama nimepanda ngazi, akaniambia nikae nitulie kwanza, kwa kuwa prolaktini hupanda kwa purukushani na hata kwa hofu ya sindano. Hapo ndipo nilipoona anayejua kazi yake.

Majibu yalitoka hivi: prolaktini imepanda kidogo, altrasaundi ya mifuko ya mayai iko sawa, na TSH, homoni inayoihimiza tezi ya shingo, iko juu sana huku homoni ya tezi yenyewe ikiwa chini. Daktari alichora kwenye karatasi. Tezi ikilegea, ubongo huihimiza kama mama anayemwita mtoto asiyeitika, na himizo lile lile huiamsha prolaktini. Prolaktini ikipanda, mayai hayapevuki, hedhi inakatika. Angepima prolaktini peke yake, ningepewa dawa ya kukausha maziwa na tezi ingeendelea kulegea. Kizazi nilichokuwa nakisafisha kwa mizizi hakikuwa na kosa lolote.

Nilipewa levothairoksini, homoni ya tezi ya kumeza: kidonge kimoja asubuhi kwa maji matupu, chai isubiri nusu saa hadi saa nzima, na vidonge vya kuongeza damu vipishane nacho kwa saa nne. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, maana haishuki kwa haraka. Masharti ya chai ndiyo yaliyonitesa. Msambaa kuamka bila chai ni adhabu. Hedhi ilirudi kabla ya mvua za vuli.

Dada, ukiambiwa homoni zako zimevurugika, uliza ni homoni ipi na imepimwa siku gani. Nenda na tarehe za hedhi zako na majina ya kila dawa unayotumia, mitishamba ikiwemo. Kama maziwa yanatoka na hunyonyeshi, sema hata kama hujaulizwa. Na usiondoke bila nakala ya majibu yako.