Kwa Mpwa Wangu Aliyetoka Mbioni

Eldoret, Jumapili usiku

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako alinipigia simu akanipa habari mbili: kwamba mbio za mita 5,000 pale Garissa zilikushinda, ukatoka ukichechemea raundi nne zikiwa bado, na kwamba tangu urudi Balambala hutaki kukaa na wenzako. Ya kwanza haikunishtua. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nasikia pia kuna mtu mzima aliyekuonyesha kwenye simu ile filamu ya John Stephen Akhwari, Mtanzania wa Mbulu, akiingia uwanjani Mexico usiku, goti limefungwa bendeji, watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Hata mimi naipenda. Ilikuwa marathoni ya Olimpiki, tarehe 20 Oktoba 1968. Akhwari alianguka njiani, goti likateguka, akamaliza kwa saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Ni ushujaa, sibishani. Lakini mpwa wangu, aliyekuonyesha amekupa nusu tu ya mbio zile.

Nusu ya pili ni hii. Katika mbio zizo hizo alikuwamo Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda Roma 1960 akikimbia peku, akashinda tena Tokyo 1964 wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki isipokuwa yeye. Alianza Mexico na mguu mbovu, na alipofika kama kilomita ya 17 akatoka. Hata nusu ya njia hakufika. Mwenzake Mamo Wolde akaendelea akaichukua dhahabu, ikabaki Ethiopia. Je, umewahi kumsikia mtu akimwita Bikila mwoga? Akhwari anasimuliwa mpaka leo kwa sababu alilolifanya ni nadra, na jambo la nadra huwezi kulifanya kipimo cha kila kijana wa sekondari. Tena yeye alikuwa mtu mzima, kwenye mashindano ambayo mwanariadha huyangoja miaka minne. Wewe una miaka kumi na saba, na mashindano ya shule yako kila mwaka.

Miaka yote niliyofanya biashara ya duka hapa Eldoret, nimewasikia wakimbiaji wakizungumza kuhusu kutoka mbioni, na hawazungumzi kama ninyi. Mtu ametoka Ulaya juzi, anaingia, unamwuliza habari za safari, anakwambia: "Nilitoka kilomita ya ishirini na tano, msuli." Halafu anauliza bei ya sukari. Wapo hata wanaolipwa watoke: wale wanaokodiwa kuvuta mwendo, wakifika kilomita ya 30 au karibu na hapo wanajiweka kando, kazi yao imeisha. Na tarehe 10 Agosti 2024, Eliud Kipchoge mwenyewe, bingwa wa Olimpiki wa Rio na wa Tokyo, alitoka Paris baada ya kilomita 30 kwa maumivu ya mgongo. Kabla ya hapo hakuwa ametoka marathoni hata moja. Alitembea kando ya barabara watu wamemzunguka, akawagawia vitu vyake alivyovaa. Dukani kwangu watu walinyamaza, wakasikitika, kisha wakarudi kumtazama Benson Kipruto akitafuta shaba. Akaipata.

Kama unataka mfano wa Msomali mwenzetu, mwulize baba yako habari za Abdi Bile. Mwaka 1987, Roma, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500, Msomali wa kwanza kuupata ubingwa huo. Mwaka uliofuata ulikuwa wa Olimpiki ya Seoul, kila mtu anamngoja. Hakukimbia, majeraha. Barcelona 1992, majeraha tena. Fikiria miaka hiyo, na nyumbani Somalia vita vinaichoma nchi. Mwaka 1993 akarudi akachukua shaba ya dunia kule Stuttgart, na mwaka 1996 Atlanta akamaliza wa sita katika fainali ya Olimpiki. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe. Sikudanganyi kwamba kila aliyengoja hulipwa.

Sasa mguu wenyewe. Mama yako anasema maumivu yako mahali pamoja kwenye muundi, ukipabonyeza kwa kidole unaruka, na sasa panauma hata usiku umelala. Hiyo si dalili ya msuli kuchoka. Huenda mfupa umeanza kupasuka ufa mwembamba, kwa kupigwapigwa kila siku kuliko unavyowahi kujijenga. Ndiyo maana kusimama kwako kulikuwa na akili: ufa wa namna hiyo mtu akiukimbilia unaweza kuwa mvunjiko kamili. Nenda Garissa upigwe picha, na uelewe kwamba picha ya kwanza inaweza kuonekana safi, ufa usijitokeze mpaka wiki mbili tatu zipite. Picha safi isikurudishe uwanjani. Mara nyingi mfupa huo hutaka wiki sita hadi nane bila kukimbia, wakati mwingine zaidi, na kurudi ni kwa kutembea kwanza. Atakayekupa vidonge vya kuua maumivu ili ukimbie, mkatalie kwa adabu. Maumivu ndiyo mlinzi wako.

Ayeeyo yako ni mama yangu, namjua. Atataka kumwita mzee wa kuchoma kwa chuma cha moto. Mbusu mkono, mwambie abti, mjomba wako, amekataza, hasira zake nitazibeba mimi. Huo moto hauungi mfupa, unaacha kidonda tu. Badala yake mwombe maziwa ya ngamia na nyama ya nyirinyiri, na ule ushibe. Nyie vijana wa mbio mnakula anjera moja asubuhi halafu mnashangaa mifupa kulalamika. Ukiruhusiwa mazoezi, azima baiskeli. Kuogelea ni dawa nzuri kwa mguu kama huo, lakini Mto Tana una mamba, usije ukasema abti alikutuma.

Na jioni wenzako wakienda mazoezini, nenda nao. Chukua saa, waite muda kila raundi, wabebee maji. Huku majeruhi ndivyo wanavyofanya. Watakutania siku mbili tatu, kisha watakuzoea, na utaona vitu ambavyo anayekimbia havioni: nani anarusha mikono ovyo, nani anaanza kwa pupa. Kujificha nyumbani kutakuumiza zaidi ya huo muundi.

Viatu nimevinunua, namba arobaini na mbili kama ulivyosema mwaka jana. Sivitumi sasa. Nipigie ukishatoka kwa daktari, uniambie alivyosema, na kama mguu wako umekua uniambie mapema, mwenye duka anakubali kubadilisha hadi mwisho wa mwezi tu.

Wasalimie mama, baba na ayeeyo.

Wasalaam,
Abti yako