Kidonda Ndani ya Mshipa



Baba yangu alirudi Bukavu kutoka Nairobi akiwa na stenti moja ndani ya mshipa wa moyo, na Jumapili iliyofuata tulitoa Misa ya shukrani. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma, chenye upana wa milimita 3 hivi. Hupitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja kikiwa kimebanwa juu ya puto dogo. Puto likijazwa, wavu hutanuka na njia ya damu hufunguka. Baba alitembea siku ya pili. Sote tulidhani kazi imekwisha.

Hatukufahamu kwamba tiba hiyo yenyewe hujeruhi. Puto huuchana utando laini wa ndani ya mshipa, na chuma huukandamiza ukuta wake. Mwili hujenga kovu, kama ufanyavyo kwa kidonda chochote, na kovu likizidi mshipa huziba tena. Andreas Grüntzig, aliyefungua mshipa wa moyo kwa puto mara ya kwanza kule Zürich mwaka 1977, alilijua tatizo hilo. Baadaye zikaja stenti zilizopakwa dawa ya kuzuia kovu, nazo zikaleta shida nyingine: dawa hiyo huchelewesha pia utando mpya kukifunika chuma, na chuma kilicho wazi hugandisha damu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa aspirini na klopidogreli pamoja, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12, kisha huendelea na moja kwa muda mrefu, pengine maisha yote.

Baba aliviacha vyote viwili mwezi wa tatu. Alikuwa amesimama katika kikundi cha sala akashuhudia kwamba amepona, na kumeza vidonge baada ya ushuhuda huo kulikuwa, machoni pake, kama kumkana Mungu. Mimi nilijua. Ndimi niliyekuwa nikivinunua, na, nakiri, nilifurahi fedha zilipobaki mfukoni. Sehemu yake ilinilipia sare ya kwaya.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, damu iliganda ndani ya stenti. Baba hakufa. Lakini sehemu ya msuli wa moyo wake ilikufa, nayo haioti tena.

Padre alipokuja kumpa Mpako wa Wagonjwa, Baba alimwuliza kama imani yake ilikuwa ndogo. Padre hakujibu upesi. Alimsomea sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, ile inayomtaja mganga na dawa, kisha akachukua boksi la vidonge mezani.

— Mzee, cha leo umekwisha kumeza?

Siku hizi Baba akipanda Kadutu kwenda Misa husimama mara nne. Kila Jumamosi jioni ninahesabu vidonge vyake mbele yake. Hukasirika, husema hakuzaa muuguzi. Ninahesabu hivyo hivyo.