Korongo wa Kinamasi Chetu

Sisi tuliolelewa Trans Nzoia, enzi za vibatari na redio za mawe, tulijua kuamia ndege kabla ya kujua kusoma: mvua za Aprili zikishatulia na mahindi yakaanza kuchungulia, tulikabidhiwa debe tupu na kijiti, tukasimama miguu peku kwenye tope kuwafukuza korongo taji, waliokuwa wakishuka kwa makundi, taji la dhahabu kichwani na ndevu nyekundu kooni, wakang'oa mche mmoja mmoja kama vibarua waliolipwa kabisa. Debe likilia, walisogea hatua chache, wakaanza kucheza, kuinama, kuruka, kukunjua mabawa, nasi tukaacha kazi tukawaiga mpaka mama apige kelele kutoka jikoni.

Leo debe halilii. Hakuna wa kufukuzwa.

Kinamasi kilichimbwa mitaro, ndago na mafunjo yakafyekwa, pakapandwa kabichi na mikaratusi. Siwezi kuilaani mitaro ile, kwa maana kabichi ndizo zilizowalipia karo wadogo zangu. Mikaratusi nayo ilikomaa, ikauzwa nguzo, umeme ukafika. Ila korongo hutaga mayai mawili au matatu katikati ya majani marefu yaliyosimama majini. Pakikauka, mbwa hufika kiotani bila kulowa mguu, na mwizi wa vifaranga vilevile. Na nyaya zinazotuangazia humvunja bawa akirudi jioni kulala mtini.

Tangu 2012 anahesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Waganda wamemweka kwenye bendera, lakini vinamasi vyao navyo vinalimwa. Rwanda, alikokuwa akifugwa kuwa pambo la bustani za hoteli na za wenye nazo, korongo waliandikishwa, wazima wakapelekwa Hifadhi ya Akagera. Waliovunjika mabawa wametengewa makao Kigali. Hawataruka tena.

Kwetu ipo Hifadhi ya Saiwa, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe (swala wa vinamasini), kilomita tatu hivi za mraba. Korongo hujistiri humo. Chakula chake kingi kiko nje, mashambani mwetu, kwa hiyo uzio wa serikali pekee hautamwokoa. Tukimwachia ukanda wa mafunjo kando ya mto, atatutoza mistari kadhaa ya mahindi kila msimu. Bei hiyo siku hizi tunaimudu.